Meza ya Jumapili ya Kiitaliano: ni kipi kinachoweza kurithishwa bila nguruwe wala divai?

BintiMvita ameuliza:

Assalamu alaikum, na salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayeishi Bologna, na nimeolewa na mwenyeji wa mji huu aliyesilimu kabla ya kunioa. Watoto wetu wawili wamefikia umri ambao yale wanayoyaona mezani hayatawatoka tena akilini, na hapo ndipo ulipozuka mjadala nyumbani kwetu ambao ningependa mnisaidie.

Mume wangu akisimulia utoto wake, husimulia meza. Kila Jumapili familia nzima ilikwenda kwa bibi yake mzaa mama, na ikifika saa saba mchana kila mtu alikuwa ameshaketi: kwanza tagliatelle, yaani tambi bapa, zilizokatwa asubuhi ile ile na kuchanganywa na ragù, mchuzi wa nyama ya kusaga, kisha nyama ya kuoka na viazi, kisha mboga, kisha matunda, na mwisho vikeki vidogo vya dukani vilivyofungwa kwa karatasi na utepe, ambavyo babu alivipitia akitoka kanisani. Mtoto hakuruhusiwa kunyanyuka kabla ya matunda, na mkate haukuwekwa kifudifudi kwa kuwa waliamini ni kisirani. Siku ya Krismasi zilipikwa tortellini, vipande vidogo vya unga wa tambi vilivyojazwa nyama na kufungwa, katika supu ya jogoo aliyehasiwa, na maandalizi yake yalianza siku kadhaa mbele, wanawake wa ukoo wakiwa wameizunguka meza.

Sasa anataka watoto wetu nao wapate kumbukumbu hizo. Sina pingamizi, ila tatizo ni kwamba ujazo wa tortellini, kwa mujibu wa mapishi yaliyosajiliwa katika Chemba ya Biashara ya Bologna mwaka 1974, ni nyama ya kiuno cha nguruwe, prosciutto na mortadella (nazo pia ni za nguruwe), jibini la Parmigiano, mayai na kungumanga. Ragù nayo, iliyosajiliwa mahali hapo hapo mwaka 1982, ina pancetta, yaani nyama ya tumbo la nguruwe, na divai. Mavyaa wangu, Mwenyezi Mungu amjaalie, hututengea sufuria yetu pembeni kila tunapokwenda kwake, lakini watoto wameanza kuuliza kwa nini chakula chetu hakitoki pamoja na cha wengine.

Kwenu mliolelewa Italia, au mliokaa karibu na meza za Waitaliano, ningependa kujua kama kweli mlikula hivyo, au ni zile Jumapili tu zilizobaki kichwani na siku nyingine zikasahaulika. Tena, ni kitu gani hasa katika meza ile ambacho mtoto hukibeba hadi ukubwani, ambacho nasi tunaweza kukifanya bila kuivunja dini yetu?

Mjukuu wa Jirani amejibu:

Dada BintiMvita, wa alaikumu salaam. Nami nimekulia Bologna, ingawa mama yangu ni mtu wa Iringa. Alikuwa akimhudumia bibi mmoja mzee katika mtaa wa Bolognina, na kila nilipotoka shule nilikaa jikoni kwa bibi huyo mpaka mama amalize kazi.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi: siku za kazi hatukula hivyo. Jioni ya kawaida ilikuwa supu ya tambi ndogo zenye umbo la nyota, kipande cha jibini, mboga zilizobaki mchana, na tofaa. Vile vipande vya pembeni visivyo na umbo, vinavyobaki baada ya kukata tagliatelle, vilitunzwa na kupikwa pamoja na maharagwe Jumatatu, na mimi nilivipenda kuliko tagliatelle zenyewe.

Lakini ninachokikumbuka zaidi si ladha ya nyama. Nakumbuka unga ukisukumwa. Bibi alimwaga unga juu ya kibao kikubwa cha mbao, akafukua shimo katikati kwa ngumi, akayavunjia mayai humo, yai moja kwa kila gramu 100 za unga, bila tone la maji. Alikanda kwa kisigino cha kiganja mpaka donge likawa laini kama ndewe ya sikio, akalifunika kwa bakuli lipumzike nusu saa. Kisha alishika mti wa kusukumia wenye urefu unaokaribia mita moja, si kile kifimbo chetu cha chapati, akauviringishia unga, akatelezesha viganja kutoka katikati kwenda pembeni, akaufungua, akaugeuza kidogo, akarudia, hadi duara lile likaning'inia nje ya ukingo wa meza. Hapo aliubana ukingo kwa tumbo lake ili unga usiteleze wakati akiuvuta kwa upande wa pili, ndiyo maana aproni yake ilikuwa na mstari mweupe mahali pale pale kila wiki. Watu wa Bologna husema unga haujawa tayari mpaka uweze kuliona kanisa la San Luca, lililo juu ya kilima, kupitia ndani yake. Nilidhani ni kweli, na kila mara nilichungulia.

Chemba hiyo hiyo ya Biashara imehifadhi tangu 1972 tagliatella moja ya dhahabu kuonyesha upana halali, yaani milimita 8 ikiwa imeshapikwa. Bibi aliposikia habari hiyo alicheka sana, maana yeye alikata kwa macho, na zake zilikuwa nene au nyembamba kulingana na aliyekuwa anakuja kula.

Sasa kuhusu dini. Wewe na mume wako mmesahau kwamba Wakatoliki nao walikuwa na siku nyingi za kutokula nyama: Ijumaa, Kwaresima, na mkesha wa Krismasi. Siku ya tarehe 24 Desemba, bibi hakugusa nguruwe kabisa. Alipika tortelloni, ambazo ni kubwa kuliko tortellini, ujazo wake ukiwa jibini laini la ricotta, Parmigiano, yai na kungumanga, zikamiminiwa siagi iliyoyeyushwa pamoja na majani ya salvia. Hicho ni chakula cha jadi cha Bologna hii hii, na mume wako lazima amekila utotoni. Tena zinawafaa watoto: mraba wa unga wa tortellino ni mdogo mno, nusu ya kazi humshinda mtoto, lakini mraba wa tortellone una takriban sentimita saba, na mtoto wa miaka sita anaweza kuweka ujazo, kuukunja uwe pembetatu, kubana kingo, kisha kuzungusha ncha mbili kwenye kidole na kuziunganisha.

Kwa upande wa tortellini zenyewe, utakumbuka zogo la 2019, pale ilipopendekezwa kwamba kwenye sikukuu ya San Petronio, mtakatifu mlinzi wa Bologna, zitolewe pia tortellini za kuku, ili asiyekula nguruwe naye apate sahani. Baadhi ya wanasiasa waliwaka utadhani mnara umebomolewa. Mimi nilikula za kuku nikaziona nzuri, ingawa kwa maoni yangu tortelloni za ricotta hazina haja ya kuombewa ruhusa na mtu yeyote.

Mwana wa Val Seriana amejibu:

Nimeyasoma maelezo hayo kwa raha, lakini ninyi mnaizungumzia Emilia, eneo la Bologna, na Italia si Emilia peke yake. Baba yangu ametoka bonde la Seriana, juu ya Bergamo, na mama yangu ni Mtaita. Ukimuuliza bibi yangu mzaa baba juu ya utoto wake, jibu lilikuwa neno moja, polenta, yaani ugali wa mahindi, asubuhi kwa maziwa na jioni kwa chochote kilichopatikana, na mara nyingi hakikupatikana kitu. Alisimulia kwamba katika nyumba za maskini samaki mmoja wa chumvi alitundikwa kwa uzi juu ya meza, kila mtu akamsuguia kipande chake cha polenta ili kipate harufu, na samaki akabaki pale pale kwa ajili ya kesho. Hadithi hiyo utaisikia Lombardia na Veneto yote.

Waliofika na mahindi kutoka Amerika hawakufika na ujuzi wa wenyeji wa Mexico wa kuyachemsha kwa chokaa, ujuzi ambao huifungua vitamini B3 iliyofungika ndani ya punje. Kwa sababu hiyo, katika karne ya 18 na ya 19 wakulima wa kaskazini mwa Italia, waliokula mahindi karibu peke yake, walipatwa na pelagra: ngozi ilibabuka, tumbo likaharisha, akili ikavurugika, na wengine waliishia katika hospitali za vichaa. Wengine walihama. Kati ya 1876 na 1915 Waitaliano wapatao milioni 14 waliondoka nchini mwao. Nyama ya kila Jumapili katika nyumba ya mtu wa kawaida ilienea baada ya uchumi kukua kwa kasi katika miaka ya 1950 na 1960. Kwa hiyo, dada, meza anayoisimulia mume wako ni ya kweli, lakini si ya kale kama inavyosimuliwa, na sioni kwa nini mtu aogope kuibadilisha kitu kimoja au viwili.

Mimi mwenyewe ninaikumbuka polenta kwa upendo, kwa sababu katika wakati wangu ilikuwa imeshakuwa chakula cha hiari. Jumamosi jioni chungu cha shaba kiliwekwa motoni, maji yakachemka, unga ukanyunyizwa kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukikoroga, na kukoroga huko kuliendelea karibu saa nzima. Mama yangu alipofika mara ya kwanza kwa wakwe, akiwa hajui hata neno la Kiitaliano, alipokea mti wa kukorogea bila kuombwa, na bibi akakaa chini. Polenta ilipinduliwa juu ya ubao wa duara, ikakatwa kwa uzi, kamwe si kwa kisu, na kesho yake mabaki yalichomwa juu ya bamba la jiko mpaka yakapata ukoko. Tuliila na uyoga, na jibini la Taleggio, au na mchuzi wa ng'ombe. Nguruwe hakuwa wa lazima.

Fundi Jiko, Malindi, amejibu:

Sikulelewa Italia, ila nimekaa jikoni kwa Waitaliano wa hapa Malindi tangu ujana wangu, na marehemu baba yangu aliwapikia mafundi wa kituo cha San Marco, kule Ngomeni, wakati satelaiti zilipokuwa zikirushwa kutoka jukwaa la baharini kati ya 1967 na 1988.

Nitasema moja ambalo halijasemwa. Watu wazima waliniagiza mapishi ya bibi zao kwa maelezo marefu yasiyokwisha, lakini watoto wao, karibu wote, walitaka tambi tupu zenye mafuta ya zeituni na jibini. Ukimpa mtoto tambi zilizochemshwa sawasawa, lita moja ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za tambi, ukamkalisha na wenzake, ameridhika. Hayo mengine ni ya wakubwa.

Na kwa heshima zote kwa Mjukuu wa Jirani, zile za kuku zipewe jina lake. Mtu akiagiza pilau, ukampa wali wa nazi, hata ukiwa mtamu namna gani, hukumpa pilau.

Jirani wa Vesuvio amejibu:

Nami naongeza kutoka Napoli, nilikolelewa na mama yangu wa kambo tangu nikiwa mdogo. Kwetu Jumapili ilianza Jumamosi usiku, kwa sababu ragù ya Napoli si nyama ya kusaga kama ya Bologna. Ni mapande makubwa, mbavu za nguruwe zikiwemo, yanayoiva katika nyanya kwa saa nyingi juu ya moto mdogo kabisa, kifuniko kikiwa kimeegemezwa kwenye mwiko ili mvuke upate pa kutokea. Mchuzi hauchemki, unatoa povu moja, unatulia, unatoa lingine, na mama alijua kwa kusikiliza tu kama moto umezidi. Asubuhi sisi watoto tulipewa mkate uchovye sufuriani kabla ya kwenda kanisani, na tambi ndefu zenye tundu, zinazoitwa ziti, tulizivunja kwa mikono, kila moja vipande vitatu au vinne, vile vipande vidogo vidogo vinavyoruka vikikusanywa navyo vikapikwa.

Dada BintiMvita, pika genovese. Jina linataja Genova lakini chakula ni cha Napoli: nyama ya ng'ombe na vitunguu vingi mno, uzito wa vitunguu ukilingana na wa nyama au hata kuuzidi, karoti kidogo na seleri, bila nyanya, ikae motoni saa nne au zaidi mpaka vitunguu vipotee na kubaki rojo la rangi ya kahawia. Wengi humwagia divai nyeupe kidogo. Wewe weka maji na uendelee.

Mwezi wa Agosti nao usiwapite watoto wako. Tulikuwa tukinunua nyanya kwa makreti, tukaziosha uani, tukazisaga, tukazijaza chupani na jani moja la mrehani kila chupa, kisha chupa zikapangwa ndani ya pipa la mafuta lililosafishwa, zikitenganishwa kwa matambara ili zisigongane, na pipa likachemshwa juu ya kuni. Kazi ya watoto ilikuwa kutia majani ya mrehani, na nilipokosea nikatia mawili nilisikika mtaa mzima.

Mzee wa Miini amejibu:

Mwanangu BintiMvita, mimi ni mtu wa Barawa, kusini mwa Somalia, ambayo sisi wenyewe twaiita Miini, na niliwahi kuishi Mombasa baada ya vita vya miaka ya tisini. Waitaliano walitutawala hadi 1941, kisha wakarudi chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1950 hadi 1960, na hakuna aliyetuuliza kama twaitaka meza yao. Tambi zilibaki walipoondoka.

Mama zetu walizifanya nini? Waliziita baasto, wakazipikia suugo ya nyama ya mbuzi au ng'ombe, wakaikaanga na bizari, iliki na mdalasini, hawakutia nguruwe wala divai, na pembeni wakaweka ndizi mbivu ambayo kila mtu aliila pamoja na tambi, tonge kwa tonge. Zilipakuliwa katika sinia moja, na tulizila kwa mkono wa kulia. Mwitaliano angeona angeshangaa, lakini kwangu mimi hicho ndicho chakula cha utotoni, na wajukuu wangu walio Uingereza hukiomba kila wanaponitembelea. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba anakula tambi pungufu.

Jambo la sufuria ya pembeni ndilo lililonigusa zaidi. Nakushauri umwombe mavyaa wako, kwa adabu na kwa kinywa cha mume wako, kwamba siku mnayofika, chakula cha kwanza kiwe kimoja kwa wote, hata kama nyama itakayofuata ni ya aina mbili. Sidhani atakataa.

BintiMvita amejibu:

Nawashukuru sana, nawe Mzee wa Miini shikamoo, na Mungu akuzidishie umri. Jana mume wangu alimsomea mama yake majibu haya kwa Kiitaliano. Alipofika kwenye habari ya polenta, mavyaa alimkatiza na kusema kwamba yeye alizaliwa kwenye milima ya Apenini, si mjini, na kwamba utotoni mwake walikula unga wa njugu za msitu ziitwazo castagne, ukipikwa kama uji mzito, karibu majira yote ya baridi, na tagliatelle za mayai zilitokea siku za sikukuu tu. Mume wangu hakuwa anazijua habari hizo, ingawa amekula kwa mama huyo maisha yake yote. Tumekaa hadi usiku tukimsikiliza, na watoto wamepata mambo ya kuulizia wiki nzima.

Ushauri wa Mzee ameukubali papo hapo: tarehe 24 tutafunga tortelloni sote nyumbani kwake, na hizo ndizo zitakazoanza kwa kila mtu. Mkwe mwenzangu ataleta mortadella yake, na aile salama. Nilijaribu peke yangu Jumapili iliyopita ili nisiaibike mbele yao, lakini ricotta yangu ilikuwa na maji mengi, na baadhi ya tortelloni zikapasuka chunguni. Nifanyeje? Je, niongeze makombo ya mkate? Na zipikwe kwenye supu au kwenye maji?

Mjukuu wa Jirani amejibu:

Makombo ya mkate usiyatie, yataufanya ujazo uwe mzito. Ifunge ricotta katika kitambaa safi cha pamba, uiweke ndani ya chujio juu ya bakuli, na uiache kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utashangaa maji yaliyotoka. Kwa nusu kilo ya ricotta tia gramu 150 za Parmigiano iliyokunwa, yai moja, na kungumanga kidogo tu. Mkiwa na uangalifu, kwa ajili ya dini, katika suala la kimeng'enya cha kugandishia maziwa, mjue kwamba Parmigiano hugandishwa kwa kile kinachotoka katika tumbo la ndama, na kwamba yako majibini mengine magumu yanayogandishwa kwa mimea, ambayo muuza jibini atakuonyesha ukimuuliza.

Unga wa mayai manne unatosha kwa ujazo huo. Usiusukume wote kwa pamoja, kwa kuwa ukikauka kingo hazishikani, na hapo ndipo zinapopasuka. Kata mraba, jaza, funga, halafu endelea na sehemu nyingine, donge likiwa limefunikwa. Zilizokwisha fungwa zipangwe juu ya kitambaa kilichonyunyiziwa unga wa semolina, zisigusane. Pika kwenye maji yenye chumvi, si supu, na maji yasitokote kwa nguvu; zikielea, zipe dakika mbili tatu zaidi, uzitoe kwa kijiko chenye matundu, wala usizimwage kwenye chujio. Siagi na salvia viwe tayari kwenye kikaango kabla hujaanza kuchemsha, kwa maana hakuna muda wa kuvishughulikia baadaye.